Mponyaji na Jirani Aliye Nje ya Ukuta



Hospitali ni nyumba ya huruma. Humo wanawake hujifungua salama, mifupa iliyovunjika huungwa, na watoto wenye homa hurudishiwa mama zao wakiwa wazima. Nani atathubutu kuiuliza nyumba kama hiyo maswali ya dhamiri? Lakini kila nyumba ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Kwa mlango wa mbele huingia wagonjwa. Kwa mlango wa nyuma hutoka moshi, majivu, maji machafu, sindano zilizotumika na vitambaa vyenye damu. Basi twauliza: je, wema unaotendwa mlangoni mbele waweza kulipa madhara yanayotoka mlangoni nyuma? Mwenye kumponya mmoja, ana ruhusa ya kumdhuru mwingine?

Tusijibu upesi. Tuanze na jambo ambalo kila mtu analijua. Mganga ampasuapo mgonjwa tumbo, anamjeruhi kweli kweli: damu inatoka, na maumivu yanabaki siku nyingi. Hata hivyo hatumwiti mkatili, bali twamshukuru. Kwa nini? Kwa sababu tatu. Kwanza, hakutaka jeraha, alitaka uzima. Pili, uzima alioutafuta ni mkubwa kuliko maumivu yale. Tatu, hapakuwa na njia nyingine nyepesi zaidi. Ukiondoa moja tu katika hizo, hukumu yabadilika. Mganga akimpasua mtu tumbo, hali ajua kwamba dawa ya kunywa ingetosha, huyo ametenda kosa, ijapokuwa nia yake ilikuwa kuponya.

Ishikeni sana sababu ile ya tatu, maana ndiyo ufunguo wa maneno yetu yote. Sababu ya kwanza na ya pili hazibadiliki na miaka. Ya tatu hubadilika. Jambo ambalo jana halikuwa na njia nyingine, leo laweza kuwa nayo. Na siku ile njia nyingine inapojulikana, na mtu akawa na uwezo wa kuifuata, udhuru wa jana hufa. Wazee husema: penye nia pana njia. Nasi twaongeza: penye njia iliyojulikana, asiyeifuata ahojiwe nia yake.

Tazameni mifano.

Mfano wa kwanza ni kipimajoto. Kwa miaka mingi sana hospitali zilipima homa kwa kijiti cha kioo chenye zebaki ndani yake, yaani madini ile ing'aayo kama fedha na kukimbia kama maji. Chombo kilikuwa kizuri, na kingine bora hakikuwapo. Kilipovunjika, mtumishi alifagia, akatupa nje. Lakini zebaki haiozi. Mvua huichukua mpaka mtoni na ziwani. Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa sumu kali zaidi; samaki wadogo huila, samaki wakubwa huwala wadogo, na mwisho mtu hula samaki. Huko Minamata, katika nchi ya Japani, mwaka 1956 waganga walitambua ugonjwa wa kutisha: watu walitetemeka, wakashindwa kutembea na kusema. Kiwanda kimoja kilikuwa kikimwaga baharini maji yenye sumu ya zebaki. Tena walizaliwa watoto wenye ubongo ulioharibika, hali mama zao walionyesha dalili ndogo tu. Kiwanda kile hakikuwa hospitali. Lakini kilifundisha dunia nzima zebaki inafanya nini ikisha kutupwa majini.

Leo viko vipimajoto visivyo na zebaki, na homa husomeka vizuri. Mwaka 2013 mataifa yalitia sahihi mkataba uitwao kwa jina la Minamata, na kwa mkataba huo kutengeneza na kuuza katika nchi za nje vipimajoto vya zebaki vya hospitali kulipaswa kukoma baada ya mwaka 2020. Tazameni basi: mwuguzi wa mwaka 1950 aliyevunja kipimajoto hakuwa na kosa, maana hakujua wala hakuwa na kingine. Mkubwa wa hospitali ambaye leo anajua, na kingine anacho, akiendelea na kile cha zamani kwa uvivu tu, hawezi kujificha nyuma ya mwuguzi yule.

Mfano wa pili ni takataka. Shirika la Afya la Dunia lafundisha kwamba katika mafungu 100 ya takataka za hospitali, karibu 85 ni za kawaida, kama zile za nyumbani: karatasi, maganda ya ndizi, mabaki ya chakula. Ni kama 15 tu zenye hatari: sindano, vitu vyenye damu, dawa zilizoharibika. Lakini zikitupwa zote katika pipa moja, hizi 15 huziharibu zile 85, na mafungu yote 100 huwa ya hatari. Hapo watu huyachoma pamoja. Na plastiki za namna fulani zikichomwa kwa moto usio mkali wa kutosha hutoa sumu iitwayo dioksini. Sumu hiyo hutua juu ya majani, ng'ombe huyala, huingia katika maziwa, na hata katika maziwa ya mama anyonyeshaye. Inaweza kuleta kansa. Basi mama mmoja aponywa wodini, na mama mwingine, kule upepo unakovumia, ameza sumu asiyoiona. Huyu wa pili hakuugua, hakuja hospitali, hakuulizwa.

Njia nyingine ipo. Ni kutenga takataka pale pale penye kitanda cha mgonjwa, kila namna na pipa lake. Vitu vingi vyenye vijidudu vyaweza kuuawa vijidudu vyake kwa mvuke mkali katika otoklavu, ambayo ni kama chungu kikubwa cha chuma chenye mfuniko wa kukaza, pasipo kuvichoma. Kumbukeni kwamba mwanzo wa kazi hii si mtambo. Mwanzo wake ni mkono wa mtu mmoja, asimamaye usiku wodini akiwa amechoka, anayejua pipa gani ni la nini, wala hatupi ovyo kwa kuwa hakuna amwonaye.

Mfano wa tatu ni moto na umeme. Hospitali kubwa hailali. Taa zawaka usiku kucha, mashine zapumua kwa niaba ya watu, maji yachemshwa, mashuka yafuliwa. Umeme huo wote watoka wapi? Katika mji wa La Crosse, kando ya mto Mississippi huko Marekani, ilikuwapo jamii ya hospitali iitwayo Gundersen. Umeme wa nchi ile ulitoka kwa sehemu kubwa katika makaa ya mawe, na moshi wa makaa hudhuru mapafu na moyo. Wakubwa wa Gundersen waliliona jambo la aibu: kwa mkono mmoja walitibu wenye pumu, na kwa mkono wa pili walinunua moshi unaoleta pumu. Mwaka 2008 walijiwekea lengo la kuzalisha nishati nyingi kama ile wanayoitumia, na muda waliojipa ulikuwa mpaka mwaka 2014.

Walianzaje? Hawakuanza kwa mitambo mikubwa ya ajabu. Walianza kwa kuzuia upotevu: taa zinazowaka bure, mitambo ya zamani inayokula umeme mwingi, joto linalotoroka. Ndipo wakajenga. Walisimamisha mitambo inayozungushwa na upepo. Walichoma vipande vya miti kwa kupasha maji moto. Walitumia gesi inayotoka katika jalala la wilaya, na gesi inayotoka katika samadi ya ng'ombe wa maziwa. Tarehe 14 Oktoba 2014 ikawa siku yao ya kwanza kuzalisha nishati kupita ile waliyoitumia. Haikuwa hivyo kila siku baada ya hapo, maana upepo haumtii mtu. Lakini njia ilikuwa imejulikana. Na tangu siku hiyo, hospitali yenye mali kama ile haiwezi tena kusema: haiwezekani.

Mfano wa nne ni wa ajabu zaidi, maana madhara yake hayana moshi wala harufu kali. Ni dawa ya usingizi ambayo mgonjwa huivuta puani kabla ya kupasuliwa. Moja kati ya dawa hizo huitwa desflureni. Mgonjwa huivuta, hulala, kisha huitoa karibu yote kwa pumzi yake, nayo hupita katika mabomba mpaka nje, juu ya paa. Huko angani hushika joto la jua kama blanketi linavyoshika joto la mwili. Kwa uzito ule ule, nguvu yake ya kushika joto ni kama mara 2,500 ya ile hewa ya kaboni itokayo katika moto. Serikali ya Uingereza imesema kwamba chupa moja ya dawa hiyo hupasha dunia joto sawa na kuchoma kilo 440 za makaa ya mawe. Na kumbe ziko dawa nyingine za usingizi, nyingine za kuvuta na nyingine za kuchoma kwa sindano mshipani, ambazo wagonjwa hulala nazo salama na madhara yake angani ni madogo sana kuliko hayo. Mwezi wa Machi 2023 Uskoti iliacha desflureni katika hospitali zake za serikali, na mwaka 2024 Uingereza ikafuata, isipokuwa kwa mgonjwa wa pekee ambaye hali yake yaidai. Angalieni busara ya neno hilo «isipokuwa». Sheria haikumsahau mgonjwa kwa ajili ya anga, wala haikuisahau anga kwa ajili ya desturi.

Labda msomaji mmoja atauliza: «Haya ya Uskoti na Marekani yanihusu nini mimi mkulima wa muhogo?» Yanakuhusu, ndugu, kwa sababu anga haina ukuta. Hewa ikiwa na joto zaidi hubeba maji mengi zaidi, na mvua ikinyesha huweza kuwa na nguvu zaidi. Mwezi wa Mei 2023, katika wilaya ya Kalehe, kando ya ziwa Kivu, mafuriko yalifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mtu asiseme kwamba mvua ile ililetwa na hospitali fulani. Kusema hivyo kungekuwa kusingizia. Lakini madhara yanayotendwa na mikono mingi ndiyo majaribu makubwa ya dhamiri, maana kila mkono husema: si mimi. Mwaka 2019 ilipigwa hesabu kwamba kazi zote za afya duniani pamoja hutoa sehemu 4.4 katika kila 100 za hewa zinazoipasha dunia joto. Sehemu hiyo si yote, wala si bure. Haba na haba hujaza kibaba. Nacho kibaba kikijaa, humwagikia kwa kawaida yule ambaye hakutia hata punje moja ndani yake.

Sasa tusikilize shauri lililo kinyume, tena tulisikilize kwa heshima, maana lina ukweli mkubwa. Watu husema: «Mgonjwa kwanza! Mkianza kuhesabu taa, glavu na dawa, mwisho mtamnyima mgonjwa haki yake.» Hatari hiyo ni ya kweli, na nchi yetu inaijua kuliko nchi nyingine. Mwaka 1976, katika hospitali ndogo ya misioni ya Yambuku, mkoa wa Équateur, masista na wauguzi walitibu umati wa watu kwa mali kidogo mno. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu kwa kazi ya siku nzima. Baada ya kumchoma mmoja walizisuuza kwa maji ya moto kidogo, kisha wakamchoma mwingine. Ndipo ulipoingia ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola. Walioambukizwa walihesabiwa 318, nao 280 walikufa; na katika watumishi 17 wa hospitali hiyo 11 walikufa. Hao walitoa maisha yao katika utumishi, nasi hatuwahukumu. Lakini twajifunza: kuhifadhi kitu ambacho usalama wa mgonjwa wadai kitupwe, huko siko kuhifadhi. Ni kumtoa mgonjwa awe malipo.

Basi ndiyo maana sindano ya kutumika mara moja ilikuwa zawadi kubwa kwa Afrika, wala asije mtu yeyote akatuambia tuirudie ile ya zamani kwa sababu ya kupunguza takataka. Sindano itumike mara moja, kisha iingie katika sanduku gumu lisilotoboka, isiende shimoni walipo watoto. Hapo haki mbili hutimizwa pamoja: ya yule aliye kitandani, na ya yule anayecheza nje ya ukuta.

Tena si kila upunguzaji humnyima mgonjwa kitu. London iko hospitali maarufu ya watoto iitwayo Great Ormond Street. Mwaka 2018 waliona kwamba wauguzi walivaa glavu hata mahali zisipohitajika, kwa mfano kumlisha mtoto au kubadili shuka safi. Na mwenye glavu mara nyingi husahau kunawa mikono, akachukua vijidudu toka kitanda hiki mpaka kile. Wakafundishana upya: hapa vaa, hapa nawa. Katika mwaka mmoja walipunguza plastiki kwa tani 21, na mtoto hakupungukiwa na kitu. Bali aliguswa na mkono uliooshwa. Basi swali la kupima ni moja tu: kitu hiki, je, kinamsaidia mgonjwa, au kinasaidia mazoea yetu? Kikimsaidia mgonjwa, kibaki. Kikisaidia mazoea tu, madhara yake hayana udhuru tena.

Swali lingine. Je, dispansari ndogo ya kijijini, yenye taa moja na mganga mmoja, ina deni sawa na hospitali kubwa za Ulaya? Jibu: hapana. Deni hufuata uwezo na hufuata kiasi cha madhara. Anayechoma makaa ya treni nzima hawezi kulinganishwa na anayechoma fungu moja la kuni. Mwaka 2020 hospitali za serikali ya Uingereza ziliahidi kwamba kufikia mwaka 2040 hazitaongeza tena, kwa kazi zao wenyewe, hewa zinazoipasha dunia joto. Ni haki watangulie wao. Kwa dispansari yetu, kuongeza umeme hata kidogo, ili mwanamke asizae gizani, ni wema usio na lawama. Na umeme huo ukitoka katika jua, ni vizuri zaidi. Lakini umaskini hautoi udhuru kwa jambo lisilodai fedha. Kuchimba shimo mbali na kisima hakudai fedha nyingi. Kutenga pipa la sindano na pipa la maganda hakudai fedha. Kutochoma plastiki upande upepo unaotokea, ili moshi usiingie nyumbani mwa watu, kwadai akili tu.

Nanyi mnaokaa karibu na hospitali, msidhani kwamba kazi hii ni ya waganga peke yao. Msiwatume watoto kuokota chupa na mipira katika shimo la dispansari, maana sindano yenye damu yaweza kumwambukiza mtoto ugonjwa wa ini au Ukimwi. Mtu anayemwuguza ndugu yake, asitupe ovyo vitambaa vya vidonda. Nao wazee wa kijiji, wakiona majivu na damu vikielekea mtoni, waende kwa adabu kumwona mkubwa wa hospitali, wamwulize: baba, hakuna njia nyingine? Swali hilo si utovu wa shukrani. Mtu aweza kuishukuru nyumba iliyomponyesha mtoto wake, na siku ile ile akaidai ilinde kisima anachonywea mtoto yule yule.

Tuyakusanye maneno yetu kwa kifupi, ili mpate kuyarudia jioni pamoja na watu wa nyumbani.

Je, wema wa mlango wa mbele walipa madhara ya mlango wa nyuma? Haulipi, maana aliyeponywa ni mwingine na aliyedhuriwa ni mwingine. Mtu hawezi kulipa deni la Petro kwa kumpa Yohane zawadi.

Je, kila madhara ni kosa? Hapana. Yale yasiyotakwa, ya lazima, yasiyo na njia nyingine, hayo twayavumilia kwa huzuni, huku tukiendelea kuitafuta njia.

Je, kosa laanza lini? Laanza siku ile tunapojua njia nyingine, tukaiweza, nasi tukaendelea na ile ya kwanza kwa sababu anayeumia yuko mbali na hatumwoni.